Ile hela ya klabu inaendaga wapi?

Kila nikivaa kizibao cha njano cha Lions, ile klabu ya kimataifa ya watu wa kujitolea kusaidia jamii, hapa Tanga lazima atokee mtu wa kunichokoza, na mara nyingi haanzi na salamu. "Nyie si ndo mnakutanaga hotelini mnakula kuku alafu mnapiga picha na wazee?" Wengine wanaenda mbali zaidi, wanasema ni freemason, ila hao huwa nawaacha tu maana hapo hata uongeeje hutoki salama.

Kuku tunakula, sikatai. Ila kila mtu anajilipia sahani yake, na hii ndo sehemu ambayo watu hawaijui. Klabu ya Lions popote ilipo inatakiwa iwe na mifuko miwili. Mmoja wa uendeshaji, humo zinaingia ada zetu wanachama, ndo unalipa michango ya makao makuu, beji, karatasi, keki ya kumuaga rais wa klabu akimaliza mwaka wake. Wa pili ni wa shughuli, humo inaingia kila shilingi iliyotoka kwa wananchi, yani tiketi ya matembezi ya hisani, ndoo ya mchango pale stendi, mwenye duka aliyelipia bango lake likae uwanjani. Hela ya mfuko wa pili inarudi kwa wananchi, haivuki kuja kwetu. Unachoruhusiwa kukata ni gharama ya ile shughuli yenyewe kama kukodi maturubai na spika, basi. Kwenda upande wa pili ruksa, ada zetu zinaweza kusaidia mradi, ila mchango wa mama muuza samaki hauwezi kutununulia soda. Mweka hazina wetu ni mama mstaafu wa benki, ana madaftari mawili na peni za rangi mbili, na ukimletea risiti ya maji ya wanachama ukitaka ailipe kwenye daftari la wananchi anakuangalia mpaka unaiomba mwenyewe urudishiwe.

Halafu kuna faini. Kuna mwanachama anachaguliwa kabisa kwa kura, kazi yake kututoza faini kikaoni. Umechelewa, faini. Simu imeita, faini. Umetokea kwenye gazeti hujaaga, faini pia, yani hata furaha yako inalipiwa. Na yeye mwenyewe hatozwi mpaka wote mliopo mkubali bila hata mmoja kupinga, sasa jaribuni kukubaliana watu wote wa Tanga kwenye jambo moja muone. Zote anamkabidhi mweka hazina palepale.

Watu wanaulizaga pia mbona macho tu, macho kila siku. Lions ilianzia Chicago mwaka 1917, aliyeianzisha alikuwa mtu wa bima anaitwa Melvin Jones, na mwaka 1925 Helen Keller, yule dada wa Marekani aliyekuwa haoni na hasikii, alienda kwenye mkutano wao mkuu Ohio akawaomba wawe wapiganaji wa kuwatetea vipofu. Wakakubali, na mpaka leo ndo hivyo. Majirani zetu Nairobi wana hospitali nzima ya macho ya Lions pale Loresho. Sisi huku hatuna jengo, tuna kambi za kupima macho.

Kambi ya Pangani ndo iliyonibadilisha mawazo kuhusu mchango ni nini hasa. Tulipewa madarasa mawili ya shule ya msingi, mlangoni tumebandika ile chati ya herufi E zilizogeuzwa-geuzwa, tumepima mita 6 kwa futi ya fundi, mzee anasimama pale anaziba jicho moja na kiganja anaonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Kazi yangu ilikuwa kupanga foleni na kuandika majina, sina utaalamu wowote. Akaja bibi mmoja amevuka na kivuko kutokea Bweni, ameshikwa mkono na kijana wa darasa la tano hivi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mie sisomi, hizo herufi utanionea bure."

Nikamwambia hakuna kusoma, onyesha tu kwa mkono. Haikusaidia, maana chati yenyewe hakuiona, hata mlango aliuona kama kitu cheupe tu. Daktari akammulika na tochi, mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa asiyejua, ni ile lenzi ya ndani ya jicho inaingia ukungu, na hakuna tone wala asali wala maji ya majani ya kuutoa, ni upasuaji tu, wanatoa lenzi mbovu wanaweka ya plastiki. Unachomwa sindano ya ganzi, uko macho unawasikia wanaongea, na mara nyingi nusu saa haiishi. Upasuaji wenyewe tulishaulipia. Gari la kuwapeleka mjini lipo. Mimi nikajua hapo kazi imeisha.

Bibi akagoma. Nani atabaki na kuku? Na huyu mtoto shule je, maana ndo macho yake. Na kurudi baada ya kufunguliwa bandeji, kutoka stendi mpaka kivukoni, kutoka kivukoni mpaka kwake ndani ndani kule, bodaboda nani analipa? Na zile dawa za kudondoshea wiki kadhaa nani atamdondoshea? Yale maswali yote hayakuwemo kwenye bajeti yetu. Tulikuwa na fungu la bango la mita tatu lakini fungu la bodaboda hatuna. Na hakuwa peke yake, siku ile wapo waliokubali wakafika mpaka hospitali wakapimwa presha ikakutwa juu, au sukari, wakaambiwa kaanze dawa kwanza urudi baadaye. Ni sahihi kabisa kitaalamu, ila mzee aliyeuza mihogo apate nauli ya kuja mara moja unamwambiaje aje tena?

Aliyemalizana na bibi ni dereva wetu, wala si mwanachama. Akampigia simu jirani yake bibi, wakaelewana kuku zitaangaliwa, mjukuu akahamia kwa shangazi yake, na sisi tukachangishana pale pale mifukoni ya bodaboda. Kesho yake baada ya upasuaji nesi anambandua bandeji, mimi nimesimama pembeni na simu nasubiri yale machozi ya furaha maana picha za hivyo ndo zinapendwa. Bibi akanikazia jicho akasema, "Kumbe ndo wewe? Sauti yote ile ya kupanga foleni, nikajua jitu zima." Wodi nzima ikacheka, picha yenyewe ilitoka imetikisika.

Tangu hapo mimi kwenye vikao ni mtu wa nauli. Wananichoka. Lakini angalia sisi Watanzania tulivyo mafundi wa kuchangishana kwenye harusi, kuna kamati, kuna mwenyekiti, kuna kadi ya mchango, kuna grupu la whatsapp ambalo ahadi yako inatajwa kila asubuhi mpaka ulipe, na kamati inakumbuka mpaka usafiri wa mjomba anayetoka Lushoto. Hakuna harusi utasikia ukumbi umelipwa alafu bibi harusi hana gari la kufikia. Kwenye misaada sasa tunalipia ukumbi tu. Tunakabidhi madawati yana nembo kubwa kuliko pa kuandikia, tunashika mfano wa hundi wa boksi, tunaondoka. Nembo haina ubaya jamani, mfadhili naye anataka kuonekana na bila yeye hakuna kambi. Ila hakuna mfadhili aliyewahi kuniambia andika jina langu kwenye bodaboda ya kwenda Mkwaja, na hiyo ndo ingemfikisha mtu.

Kwahiyo kambi ijayo nimepeleka hoja. Tufute tisheti za wanachama, vizibao tunavyo, hela yake iwe fungu la nauli ya mgonjwa na msindikizaji, kwenda na kurudi, na iwepo ya kurudi mara ya pili kwa waliokwama na presha. Rais hataki, anasema bila tisheti hatuonekani kwenye picha. Mweka hazina yuko upande wangu, ila kwa sababu yake yeye: anasema tisheti ni zetu, zinatakiwa zitoke kwenye daftari la ada, na daftari la ada kwa sasa halina kitu kwa sababu nusu yenu hamjalipa. Kura ni Alhamisi. Wanachama mnaosoma hapa lipeni ada kabla, maana mwenye deni mweka hazina hatamruhusu anyooshe mkono.