Itakaa

Tangu Jumamosi neno moja limenikwama kooni. Barua ya uhamisho imetoka, Kulwa ameng'olewa jino, tumelala gizani siku mbili, na yote hayo yamepita. Neno la mama mkubwa ndilo limegoma kupita.

Nilikwenda Sengerema kuichukua ile sanamu aliyokuwa akiicheza babu kwenye ngoma. Siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 unazimaliza kabla hujapanga la kusema. Enzi za kivuko ningepata muda wa kujiandaa. Nikaamkia, nikala matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, naye akaitoa chini ya kitanda ikiwa imeviringishwa khanga.

"Utaiweka wapi, mwanangu?"

"Sebuleni, mama mkubwa. Juu ya kabati, kila mgeni aione."

Akanyamaza. Akaugusa mkono mmoja wa sanamu, ule uliofungwa kwa kamba, ukaning'inia ukicheza.

"Kwa hiyo itakaa."

Basi. Akanifungia.

Itakaa. Nalisikia nikisahihisha madaftari, nalisikia nikiparua sato. Kwa sababu najua alichomaanisha. Babu alikuwa wa Bagika, moja ya pande mbili za wacheza ngoma wa Kisukuma; wa pili ni Bagalu. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma, anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi, na kazi ya sanamu ilikuwa hiyo: kuinuliwa juu ya vichwa, kuchezesha mikono, mpaka watu wa upande wa pili wageuke. Magoti yalipomkataa, babu hakumpa hata mmoja wa wanawe. Alimpa mpinzani wake, mtu wa Bagalu, kwa kuwa kati ya wote waliokuwepo huyo ndiye aliyejua kucheza. Ukoo ulimnunia. Yule mzee alipofariki, mjane wake aliibeba kichwani akairudisha kwa mama mkubwa, imepakwa samli, kiuno kimelainika kwa viganja vya watu wawili waliokuwa wakishindana maisha yao yote.

Na mimi nataka kuiweka kando ya televisheni.

Jana jioni nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikasikia ndoo inapigwa. Kutoka nje, Kulwa na shavu lake lililovimba ndiye mpiga ngoma, Doto ameinyanyua sanamu kwa mikono miwili, anairusha mabega, na ule mkono wa kamba unapunga. Watoto wa majirani wamejaa hadi kwenye ngazi za mawe. Mwiko ulinidondoka. Sikumkemea mtu.

Nikampigia mama mkubwa. "Haijakaa, mama."

Kimya kidogo, kisha: "Nani alikuwa anapiga?"

Nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa.

Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii, ila nimeamka saa kumi. Mwezi umekuwa mpevu, wavuvi wa dagaa wote wamesharudi makwao, maana kwenye mbalamwezi karabai haivuti kitu. Mdogo wangu bado hajafika kutoka Ukerewe, na simu yake tangu juzi haipatikani.