Bustani ya mtaa: tazama chini ya bembea

Wengi hudhani bustani za umma zimekuwepo tangu zamani. Birkenhead Park ya Uingereza, miongoni mwa za kwanza kujengwa kwa fedha za umma, ilifunguliwa 1847. Pale palikuwa na kinamasi. Mbunifu wake, Joseph Paxton, akachimba maziwa ili maji yapate pa kwenda, na udongo uliotoka akaufanya vilima. Mmarekani Frederick Law Olmsted aliitembelea 1850, kabla ya kushiriki kubuni Central Park ya New York.

Leo kinachonikera ni bembea. Chini yake panatakiwa mchanga au vipande vya mbao vya kina cha sentimita 30 hivi. Miguu ya watoto huvisukuma pembeni, likabaki shimo la udongo mgumu palepale wanapoangukia. Reki inatosha kuvirudisha, ila ifanyike mara kwa mara, si mpaka mtoto aumie! Kagua pia pingili ya juu ya mnyororo, inaposuguana na ndoano. Ikilika ikawa nyembamba, fungeni bembea hadi ibadilishwe.

Na kwenye miti, matandazo (majani au vipande vya mbao vinavyofunika udongo) yasigusane na shina. Unyevu huozesha gome.