Dashibodi ya Subaru ya mashindano, niliyoijenga Malindi

Subaru Impreza ninayoiandaa kwa otokrosi (mbio fupi za magari dhidi ya saa) ilikuja na dashibodi ya kiwandani: plastiki nzito, droo, matundu ya hewa, na geji ya maji ambayo mshale wake hukaa katikati hata joto likipanda kiasi. Presha ya oili ilikuwa na kitaa kimoja tu, nacho huwaka presha ikikaribia kuisha kabisa. Kwa injini ya EJ20 inayokimbizwa kona baada ya kona, hapo beringi zimeshaumia. Niling'oa yote.

Kabla ya kukata chochote nilikaa kwenye kiti, nikafunga mikanda na kuvaa helmeti, mdogo wangu akawa anasogeza kipande cha boksi mbele yangu mpaka tukapata mahali jicho linapofika bila shingo kugeuka. Boksi hilo likawa kipimo. Fundi wa madirisha akanikatia bati la aluminiamu la milimita 2, nikalipaka rangi nyeusi isiyong'aa, kwa kuwa jua letu likipiga bati tupu, mwanga wote huishia kwenye kioo cha mbele.

Geji ni tatu: presha ya oili, joto la oili, joto la maji. Kila moja niliizungusha kwenye tundu lake ili mambo yakiwa sawa mshale wake utazame juu. Kwenye mbio hakuna nafasi ya kusoma namba. Mishale yote ikisimama, endelea. Mmoja ukilala, unauona hapo hapo. Juu yake nikaweka taa kubwa nyekundu inayowashwa na swichi presha ya oili ikishuka chini ya psi 20 (psi ni kipimo cha presha). Injini ikiwa ya moto na haijakanyagwa, taa humemeta kidogo. Nimeiacha hivyo.

Kazi kubwa ilikuwa waya. Nilimwendea mzee mmoja anayetengeneza boti za uvuvi, akaniambia, "Mwanangu, waya wa gari hapa pwani huliwa na chumvi kutoka ndani. Chukua wa boti." Nyuzi za shaba za waya huo zimepakwa bati, hazigeuki kijani upesi. Viungo vyote nilivibana kwa koleo lake maalumu, nikavifunika kwa mpira unaosinyaa ukipata joto, na kila laini ina fyuzi yake. Sensa ya presha haikai kwenye injini, maana mtikisiko huivunja shingo. Niliifunga kwenye bodi, oili inaifikia kwa bomba laini lililosukwa chuma, na sensa ina waya wake wa athi, yaani wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri.

Naipenda sana kazi hii, na tayari imenionyesha jambo. Kwenye kona ndefu ya kushoto taa nyekundu inawaka: oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile karai la oili chini ya injini, na pampu inanyonya hewa. Kwa hiyo sampu inashuka wiki hii, iwekewe vizuizi ndani.