Nilivyorudi kwenye tendo la ndoa baada ya kutolewa kizazi

Mimi nilitolewa kizazi pamoja na ovari zote mbili, yaani vile vifuko vya mayai. Mshono ulipona vizuri tu, dokta akasema tusikutane kwanza mpaka zipite wiki 6 hadi 8, maana kule ndani juu ya uke nako kuna mshono ambao huuoni. Tukasubiri, wiki ya 9 tukajaribu.

Jamani yale maumivu. Kulikua kukavu, kunakwaruza, halafu pale mlangoni pamekaza kabisa, nikanyamaza nikageukia ukutani mpaka akamaliza. Mara ya pili hivyo hivyo. Baada ya hapo nikawa nawahi kulala kabla hajaingia chumbani. Huko kuvumilia ndo kulikoniharibia zaidi, wanawake tumefundishwa kuvumilia lakini mwili haufundishiki hivyo, ukiumia mara mbili tatu unaanza kujikaza wenyewe hata hujaguswa.

Nilimwambia mume wangu mchana, tunakunja nguo, sio kitandani. Nikamwambia inaniuma, sio kwamba sikutaki. Akaweka shati chini akakaa, kumbe mwenzangu siku zote alijua nimemchoka.

Niliporudi kwa dokta akanielewesha kwamba ovari zikitolewa estrojeni, ile homoni ya kike, inashuka ghafla, sio kidogo kidogo kama kwa mwanamke anayekoma hedhi kwa umri, ndo maana ngozi ya uke inakua nyembamba na kavu, na lile joto la usiku linatokea hapo hapo. Akaniuliza kwanza kama nimewahi kuwa na kansa ya matiti, ndo akanipa krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, kila usiku wiki 2 halafu mara 2 kwa wiki. Haifanyi kazi kesho yake, mimi nilianza kuona tofauti baada ya wiki kadhaa. Wakati wa tendo tukaongeza kilainishi cha maji, kisicho na manukato, na hatukubania. Na kama mnatumia kondomu za mpira msipake mafuta, zinapasuka, na kondomu bado zina kazi maana kutolewa kizazi kunazuia mimba tu, magonjwa yako pale pale.

Ila kilichonifungua kweli ni mama wa fiziotherapia, yule wa tiba ya mazoezi ya misuli na viungo. Mi nilikua najibana misuli ya chini, ya ukeni, kila siku nikijua naiimarisha, alivyonipima kwa kidole akasema hii yako imeshajibana kupita kiasi, inatakiwa kulegea. Akaniambia vuta pumzi mpaka tumbo lijae, halafu itoe polepole kama unapoza kitu cha moto. Nikatoa, na nikasikia kabisa pale kwenye kidole chake pakiachia! Nililia pale kitandani kwake. Nyumbani nikawa nafanya mwenyewe kwa kidole changu na kilainishi, dakika chache, hadi uoga ukapungua.

Tukaanza upya taratibu, kushikana tu siku nyingi bila kuingia, baadae mimi nikawa juu ili kina na kasi niamue mwenyewe, nikisema simama anasimama. Ukiona damu mbichi, uchafu unaonuka, homa au maumivu makali ya ghafla usisubiri, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Ulikua mwezi wa 5 baada ya upasuaji ndo tukamaliza bila mimi kugeukia ukutani. Krimu bado napaka, mara 2 kwa wiki.