Jicho la Bibi

“Mama, mbona hapa bibi ana jicho moja?”

Mdogo amelala kifudifudi sakafuni, kakifungua kile kitabu ukurasa wa 48. Nilikuwa nimekificha juu ya kabati, nyuma ya makabrasha. Kumbe hawa hawafichwi kitu.

Jicho lipo, mwanangu. Limemezwa na mshono, pale kurasa mbili zinapokutana.

Mama yangu alikuwa anatimiza miaka 70, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye kamera, kazi ya kitabu cha picha ikaniangukia bila hata kikao. Kuchagua picha kulinila wiki mbili. Ndugu wakanitumia za kwao kwa WhatsApp nami nikazipokea hivyohivyo. Picha iliyopigwa ikiwa na pikseli (vile vinukta vinavyoiunda) 4032 kwa upana ilinifikia na 1600. Kwenye simu huoni tofauti, ila chapa nzuri hutaka pikseli 300 kwa kila inchi. Gawanya 1600 kwa 300, unapata inchi 5.3, yaani sentimita 13 na nusu tu. Ukiivuta zaidi sana, nyuso zinakuwa kama zimepakwa mafuta. Nikawafuata mmoja mmoja wanitumie upya kama dokumenti. Hilo niliwahi.

Mshono sikuuwahi.

Nilichagua sentimita 30 kwa 30, jalada gumu, karatasi isiyong'aa ya gramu 170, kurasa 96 zilizoshikwa mgongoni kwa gundi. Ile picha niipendayo kuliko zote, mama anacheka huku kilemba kinamlegea, nikaitandaza kurasa mbili. Kwenye skrini kurasa hizo ni kama meza moja, katikati kuna kijistari chembamba cha kijivu. Programu haikulalamika. Yenyewe huhesabu pikseli, haijui uso wa mtu uko wapi.

Boksi likafika siku nne kabla ya sherehe. Nikakata utepe kwa kisu cha jikoni, nikakinusa kwanza kitabu (wanaojua harufu ya wino mpya wanajua), nikaruka moja kwa moja hadi 48. Sikio na kipande cha shavu vilikuwa kushoto. Pua, mdomo na jicho la pili vilikuwa kulia. Kati yake, palipopaswa kuwa na jicho, pana bonde. Nikaweka dole gumba kila upande nikaminya. Kope zikachungulia. Nikaminya tena, likaja nusu jicho, kisha mgongo ukalia kra! Gundi ikaachia, ukurasa wa 49 ukabaki umesimama kama mlango uliong'oka bawaba. Nikatoa mikono. Jicho likarudi ndani.

Nilipima kwa rula: milimita nane zimeliwa kila upande. Kitabu kinene cha gundi hakilali bapa, hata ukikibembeleza. Bahari, mlima au umati wa watu unaweza kupita juu ya mshono bila dhara, maana hakuna atakayelikosa wimbi moja. Uso usogeze pembeni, sentimita mbili au tatu kutoka katikati. Na kingo za nje zina balaa lake: mpiga chapa hukata, kwa hiyo picha ya kujaza ukurasa huachiwa milimita 3 za ziada za kutupwa, na maandishi hukaa ndani, walau sentimita moja.

Nikiwa bado na hasira nikaona na lingine. Picha za jioni zote zilikuwa giza, suti ya mjomba imekuwa doa jeusi lisilo na vifungo. Hapo sikuwa na wa kumlaumu. Nilizirekebisha skrini ikiwa na mwangaza wa mwisho, na karatasi haina taa ndani yake. Siku hizi naweka karatasi nyeupe kando ya skrini, nashusha mwangaza mpaka weupe ulingane, ndipo nagusa picha. Na ile huduma ya “kuboresha picha” ya mpiga chapa naizima, maana wote wawili tukirekebisha, ngozi za watu zinageuka chungwa.

Nikaagiza cha pili, cha kurasa zinazolala bapa, ambapo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja iliyokunjwa, kisha kila karatasi hugundishwa na jirani yake mgongo kwa mgongo. Kurasa hizo ni nene, ikabidi nishuke hadi 40. Kuzikata picha za mashangazi ni simulizi nyingine. Kilifika siku tisa baada ya sherehe; siku yenyewe mama alipewa bahasha na maneno mengi.

Kiko sebuleni kwake, macho yote mawili. Mgeni akija kinafunguliwa, kinasifiwa, kinafungwa. Sijawahi kusikia mtu akikiuliza swali.

Mdogo sasa kaingiza kidole kwenye mshono. “Nimeliona, mama! Linaniangalia!”

Nimemwambia asiminye.