Taa za pointi uwani: safari hii zinasema kweli

Kwa waliokuwa wakiniuliza imefikia wapi ile reli yangu ya uwani hapa Bububu, Unguja, ipo na inakwenda, sasa nipo kwenye taa. Kwa mgeni: ni reli ya mchezo lakini kubwa kidogo, upana baina ya vyuma ni 45 mm, inazunguka mchungwa inapita nyuma ya tangi la maji inarudi barazani, na ina pointi tano, yaani zile pahala njia inapogawika na zile ndimi mbili za chuma zikasogea kulipeleka garimoshi huku au kule. Mchana unaziona. Baada ya Magharibi huoni kitu, ndo nikataka kila pointi iwe na kitaa chake, kijani njia kuu na nyekundu mchepuko.

Mara ya kwanza nilifanya kivivu. Waya wa taa niliutoa kwenye ubao wa swichi hapa barazani, nikibonyeza mota inavuta ndimi na taa inabadilika hapo hapo, raha tupu, watoto wa jirani wanakuja kutizama. Mpaka siku kokoto moja ikaingia baina ya ulimi na reli, ulimi ukaishia njiani, mimi naona kijani naachia tu, kichwa cha treni kikaenda kulala kwenye mchaichai na bomba la moshi likakatika. Na taa bado kijani! Kumbe ilikuwa inarudia nilichoamrisha mimi, hali ya reli yenyewe haina habari nayo kabisa.

Kwa hiyo taa lazima ziwashwe na ndimi zenyewe. Nikatoa zile swichi ndogo za mlango wa maikrowevu mbovu, zile za kibapa zinazolia "tik", nikafunga pembeni ya mataruma. Zilifanya kazi mpaka masika. Hapa tulipo bahari haiko mbali, nilipofungua moja shaba ndani imeshakuwa kijani kama ukoga. Nikatupa zote.

Nikenda sokoni Darajani kutafuta zile sensa za alamu ya mlango, zenye kitungi cha kioo ndani na sumaku pembeni. Ndani ya kioo mna vipande viwili vya chuma vyembamba, sumaku ikikaribia vinagusana, na kwa vile kioo kimezibwa hewa ya chumvi haiingii. Muuzaji akaniuliza, "Ami, milango mingapi?" Nikamwambia si mlango, ni reli. "Reli gani tena Unguja hii?" Mzee mmoja aliyekaa pembeni na kahawa yake akadakia, si ilikuwepo ya Bububu! Basi ikawa darsa, maana kweli ilikuwepo, Wamarekani waliijenga, ikaanza 1905, kama maili 7 kutoka mjini mpaka huku kwetu. Nikapunguziwa bei kwa ajili ya historia.

Sasa tabu iliyonila wikiendi mbili. Ulimi wa pointi yangu unasogea milimita 4 tu. Sumaku ikifuata ulimi kwa mwendo mdogo hivyo inazishika sensa zote mbili kwa pamoja, ya kijani na ya nyekundu, taa zinawaka sawasawa kama harusini. Nikajaribu sumaku ndogo zaidi, wapi. Mwisho nikachukua spoku ya baiskeli nikaifanya wenzo: egemeo nimeliweka milimita 10 kutoka upande wa ulimi, yaani hapo nimeiunga spoku na kibati kinachozunguka juu ya msumari, upande wa pili nikauacha milimita 50, sumaku ikakaa nchani. Kwa hiyo 4 huku zinakuwa 20 kule. Sensa moja kushoto, moja kulia, na katikati sumaku haifiki kokote.

Hiyo katikati ndo imenifurahisha kuliko yote. Ulimi ukikwama njiani taa zote mbili zinazima, na taa ikizima ujue usipitishe kitu.

Umeme nimetumia betri ya volti 12 ya amp-saa 7, ile ya UPS, kisanduku cha akiba ya umeme wa kompyuta, maana umeme ukikatika sitaki reli iwe kiza. Mwanzo niliweka rizista, kile kidude cha kupunguza umeme unaofika kwenye taa, ya ohm 1,000, nyekundu inapata kama miliamp 10, usiku inachoma macho. Nimepandisha mpaka 2,200, imeshuka kwenye 4 na nusu hivi, inatosha. Kila pointi inawasha taa moja tu kwa hiyo zote tano hazifiki hata miliamp 25, betri inakaa siku na siku. Viungo vya waya nimechoma risasi halafu nikavipaka rangi ya kucha ya mama watoto, ameshajua, tumeelewana nitanunua chupa mpya. Nyumba za taa ni vipande vya paipu ya waya ya ukutani vimezibwa juu kwa kizibo.

Jana usiku nikatia kokoto kusudi kwenye pointi ya tangini, nikabonyeza swichi nikatulia kimya. Mwanangu wa mwisho akapiga kelele, "Baba, zimezima zote!" Nikamwambia nenda katoe kijiwe. Akatoa, nikabonyeza tena, kijani.

Mbili ziko tayari, tatu bado, spoku ninazo. Bomba la moshi nimeligandisha kwa gundi limekaa upande, naliacha hivyo hivyo.