Kivuli cha Turkwel: nimerudi Lodwar

Zamani ukipanda gari Lodwar, mji wetu wa Turkana kaskazini magharibi mwa Kenya, kuelekea Kitale, watu walikuuliza, "Unaenda Kenya? Haya, wasalimie huko." Hakuna aliyecheka, maana hayakuwa mzaha. Kilomita kama mia tatu za barabara mbovu, kupitia Lokichar, Kainuk na Marich Pass, zilitosha kutufanya tujihesabu watu wa nchi nyingine. Mimi niliondoka hivyo mwaka 2010, nikaaga kama mtu anayevuka mpaka. Nimerudi mwezi uliopita.

Ndege zipo, lakini nilikataa kupanda. Nilitaka niteremke Marich kwa macho yangu, nione ukijani ukibaki mgongoni na ardhi ikigeuka nyekundu, kisha kijivu, mpaka pale upepo unaoingia dirishani unapokuwa wa moto. Kutoka Lokichar hadi mjini ni lami laini. Kipande hicho kiliwahi kunilaza njiani usiku mzima nikiwa kijana. Nilipoona vile vilima vya mawe meusi vinavyouzunguka mji, na ile sanamu ya Yesu aliyekunjua mikono kilimani, nililia, na sioni haya kusema.

Mji umenenepa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 82,970, na ukisimama katikati saa kumi na moja jioni, joto likiwa limepungua kidogo, utaamini kabisa. Bodaboda hazina idadi. Kina mama wamekaa barazani kwa maduka wakisuka vikapu vya majani ya mkoma, vidole vikienda huku wanaongea na wateja bila kuangalia chini. Kubwa kuliko yote ni ugatuzi. Kabla ya 2013 tulikuwa wilaya ya Mkoa wa Bonde la Ufa na makao makuu yetu yalikuwa Nakuru, mwendo wa siku nzima na zaidi. Sasa makao makuu ya Kaunti ya Turkana ni hapa hapa. Aliyezaliwa Lokori au Kibish analeta shida yake Lodwar, na anasikilizwa kwa Kiturkana. Kwangu hilo ni jambo zito kuliko hata mafuta yaliyogunduliwa kwenye kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, ambayo kila mtu ughaibuni alikuwa akiniuliza habari zake.

Tukumbuke mji huu ulikuwa wa nini. Mkoloni aliifanya Turkana wilaya iliyofungwa. Huingii wala hutoki bila kibali. Mzee Kenyatta alipotoka gereza la Lokitaung mwaka 1959 aliletwa Lodwar kuzuiliwa, akakaa hapa mpaka alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Nyumba yake ingalipo. Ndipo nikasikia vizuri jina la tamasha letu, Tobong'u Lore, ambalo kwa lugha yetu ni wito wa kurudi nyumbani. Hapa palipokuwa pa kufungia watu, leo ndipo tunapoitana turudi.

Lakini nilichokuja kukiona ni mto Turkwel. Lodwar hupata kama milimita 200 za mvua kwa mwaka mzima. Mji wa namna hiyo hausimami kwa mvua, unasimama kwa Turkwel, na maji ya bomba tunayokunywa yanatoka kwenye visima vilivyochimbwa kandokando yake. Mwaka 2013 dunia nzima ilitangaziwa kwamba kuna bahari ya maji chini ya uwanda wa Lotikipi, humu humu Turkana. Yalipopimwa baadaye yakakutwa na chumvi. Sisi tumebaki na mto wetu na miti yake.

Miti hiyo ina wenyewe. Tunaita ekwar: kipande cha ukingo wa mto ambacho migunga yake inatunzwa na familia moja, kizazi hadi kizazi. Mgeni akitaka kulisha mbuzi hapo anaomba kwanza. Mwenye ekwar hakati mti mzima, anapunguza matawi. Ukame ukikaza, maganda ya mgunga huiva na kuanguka; tunayaita ng'itit, ya manjano, yamejikunja kama sikio la mtoto mchanga, na ukiyatikisa mbegu zinalia ndani. Yameokoa mbuzi wengi kuliko dawa yoyote ninayoijua.

Shangazi alinipeleka kwenye ekwar yetu siku ya pili, kabla jua halijakaza. "Ejoka?" yaani hujambo, aliuliza mti, kweli kabisa, akaushika gome kwa kiganja. Kisha akanionyesha upande wa chini. Ilipokuwa migunga mitano ya jirani yetu palikuwa na visiki, majivu ya tanuri la makaa, na bikoni ya mpaka wa kiwanja, ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Mathenge, kile kichaka vamizi cha miiba, imeshaanza kuota katikati.

"Nani ameuza, Shangazi?"

"Mwanangu, anayeuza hakuja kuniuliza. Mimi niliona bikoni tu."

Nimekasirika, na bado nina hasira. Mji unaokua unahitaji ploti, hilo naelewa, na mimi mwenyewe natafuta pa kujenga. Ila uwanda mtupu wa kujengea tunao hata macho yakachoka. Ukingo wa Turkwel ni mmoja. Wanaopima viwanja wangekaa kwanza na wazee na kina mama wanaojua mpaka wa kila ekwar, wauandike kwenye ramani ya mji kama wanavyoandika barabara. Sasa makao makuu yako hapa, na hatuhitaji kungoja sahihi ya Nakuru.

Jioni tulitandika mikeka uani, maana ndani hakulaliki. Shangazi alitoa upembo mrefu uliokuwa wa baba, akaupaka mafuta pale mti ulipopasuka, akauegemeza ukutani karibu na kichwa changu. Magunia matatu yako mlangoni. Alfajiri tunaenda kutikisa ng'itit.